Jiwe Lililolowekwa Ukwaju

Jiwe lilinifikia ndani ya mfuko wa sukari wa kilo mbili, limefungwa kwa kamba ya katani, na lilikuwa vipande viwili. Mdogo wangu Yohana alilikabidhi kwa kondakta wa basi la Singida pamoja na karanga za msimu, kisha akanipigia simu. "Dada, tumebomoa ile nyumba ya mama. Sururu ilipofika ukuta wa ghalani likadondoka jiwe jeupe, likapasuka. Kwetu hakuna jiwe la namna hii. Nikasema wewe mwalimu utalijua." Nilimshukuru, nikamwambia nitaliangalia. Halafu nikakaa chini palepale jikoni, mwiko bado mkononi.

Nililijua kabla sijafungua kamba. Mimi ndiye niliyelichomeka ukutani, nikiwa na miaka kumi hivi, udongo ukiwa bado mbichi. Nilipolitoa mfukoni halikuwa na harufu nyingine ila ya vumbi la nyumba ya zamani, lakini mdomo wangu ulijaa mate ya uchachu kama vile nimetafuna ukwaju. Mimi sili ukwaju. Wajukuu wangu hunitania kwamba bibi ni Mnyaturu gani asiyekunywa uji wa ukwaju, nami huwajibu kwamba unanipa kiungulia. Ni uongo. Ukwaju haujawahi kunipa kiungulia hata siku moja.

Ninyi wa rika langu mnaikumbuka miaka ile ya kuhamia vijijini, hainipasi kuwaeleza sana. Sisi tulitolewa kwenye mashamba ya ukoo tukaletwa kwenye kijiji cha ujamaa, mwendo wa asubuhi moja kutoka Ihanja. Nyumba zilipangwa kwa mistari, na bado zilikuwa zikijengwa tulipofika. Kila jioni kina mama walikanyaga udongo na kukandika kuta, na mikono yetu watoto ilikauka matope mpaka viwiko. Sisi tulikuwa mstari wa pili. Nyumba ya tatu kutoka kwetu ilikuwa ya kina Mwaja.

Baba yake Mwaja alihamia kwa shingo upande. Alipeleka mbuzi wake malishoni kulekule alikotolewa, na kila aliporudi alikuwa na maneno: huku maji ni mbali, huku watu wamebanana, huku hata mchawi hana haja ya kutembea. Mwaja mwenyewe alifurahia jambo moja tu, shule. Kule kwao ilikuwa mbali mno, na baba yake alisema mtoto wa kike hatembei porini peke yake. Hapa shule ilikuwa mbele ya macho, na watu wa kijiji walikuwa wamesema kila mtoto aende. Basi Mwaja akaenda, akaanza nyuma yetu, na baada ya muda si mrefu akawa mbele yetu.

Nampenda nikimkumbuka alivyokuwa, na ndiyo maana inaniuma. Alikuwa mwembamba, kichwa kimenyolewa, na alikuwa na tabia ya kuuliza mpaka mtu mzima achoke. Akiulizwa swali na mwalimu hujibu, kisha huuliza lake. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani kabla hajaja. Nasema hivyo si kwa kujisifu, ila mjue kwamba kulikuwa na kidonda kidogo tayari.

Mwalimu wetu aliitwa Mwalimu Mhina, kijana mrefu kutoka Tanga. Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, chenye madoido, na chetu kilimchekesha kama chake kilivyotuchekesha. Alikuwa na mazoea yaliyowashangaza wazee: alilamba mawe. Anatembea njiani, anaokota jiwe, analipangusa kwenye suruali, analilamba, analitazama likiwa bichi, halafu analitia mfukoni au analitupa. Mama alisema labda pwani kuna njaa. Baadaye mwalimu alitueleza kwamba jiwe likilowa linaonyesha rangi zake, na ulimi ndio maji ya karibu. Tangu hapo darasa zima tulilamba mawe, mpaka wazazi wakalalamika.

Baba yake Mwalimu alikuwa mkata mawe ya chokaa huko Tanga, na alimwachia mwanawe jiwe moja. Mwalimu aliliweka juu ya meza ya ofisi, kwenye kitambaa cheupe. Lilikuwa na ukubwa wa kipande cha sabuni ya mche, upande mmoja umekatwa sawasawa na kusuguliwa mpaka unateleza. Upande huo ulijaa viduara vidogo, vingine mviringo kabisa, vingine vimelala ubavu, na kila kiduara kilizungukwa na vitundu vya kupimwa kwa sindano. Siku alipolileta darasani likapita mkono kwa mkono, mimi niliona shanga. Mwaja alisema ni bua la mtama lililokatwa kwa wembe.

"Si shanga wala si bua, ingawa bua ni karibu zaidi," Mwalimu alisema. "Ni mwani. Mmea wa baharini, wa kijani, kijani kama mtama wenu ukipata mvua. Ulisimama kwenye maji ya kina kifupi, pale jua linapofika chini. Ulinyonya chokaa iliyoyeyuka kwenye maji ukajishonea koti. Ukifa, kijani kinaoza, koti linabaki. Matope yanalifunika, koti jingine linaanguka juu yake, matope tena, hadi vyote vinageuka jiwe."

"Lini?" Mwaja aliuliza.

"Kabla ya babu wa babu yako. Kabla hakujawa na watu kabisa. Wakati huo bahari ilifunika pale ambapo leo watu wanalima mkonge."

"Kwa hiyo mtama wetu umetoka kwa hawa?"

Mwalimu alicheka kwa furaha, akakaa kwenye ukingo wa dawati letu. "Si kwa hawa. Kwa ndugu zao waliokaa kwenye maji matamu, mitoni na madimbwini. Hao ndio waliopanda nchi kavu polepole, wakawa nyasi, mtama, mikwaju, kila kijani unachokiona hapo nje. Hawa wa baharini walibaki hukohuko. Wengine wapo mpaka leo, na koti lao ni lilelile."

"Na kijani cha ziwa la Singida?"

"Hicho ni cha ukoo wa zamani zaidi. Tuseme bibi wa mbali."

"Na wale ambao hawakuwa na koti?"

Hapo Mwalimu alilichukua jiwe mkononi. "Hao walikuwa wengi kuliko hawa," alisema. "Lakini walikuwa laini. Wakioza wanakwisha, hawaachi kitu. Ndiyo maana hatuwajui."

Kisha akatoa ndimu mfukoni. Ndimu kwetu zilikuwa adimu, na nadhani wengi tulitazama ndimu kuliko jiwe. Akaikata, akaligeuza jiwe upande wa nyuma usiosuguliwa, akakamua matone mawili. Jiwe likatoa povu. Lilitoa sauti ndogo pia, tss, kama mafuta yakianza kushika moto. "Ndivyo tunavyolitambua jiwe la chokaa," alisema. "Likionja uchachu, linatoa hewa."

Mtoto husikia anachokitaka. Mimi nilisikia kwamba jiwe linatoa hewa, na kinachotoa hewa kinapumua, na kinachopumua hakijafa. Mwani ule ulikuwa hai ndani ya koti lake. Umekauka tu.

Na mimi nilijua kitu kilichokauka kinavyoamshwa, kwa sababu nilikuwa mtoto wa mpika pombe. Mama alikuwa akiitwa kila kulipokuwa na kazi ya kulima pamoja, na kimea chake kilisifiwa mpaka Sepuka. Alichukua mtama mkavu, mgumu wa kuvunja jino, akauloweka kwenye chungu. Kisha aliumwaga juu ya majani, akaufunika kwa gunia bichi, akauacha siku tatu. Mwiko wake ulikuwa mmoja: usifunue. Alisema kimea kina aibu, kikitazamwa kinakataa kuota. Siku ya tatu alifunua mwenyewe, na mtama ule uliokuwa mawe matupu ulikuwa umetoa mikia myeupe, na siku chache baadaye vincha vya kijani. Nilikuwa nimeliona jambo hilo mara nyingi mno kulishangaa. Kwangu ilikuwa ni kanuni: kikavu, maji, gunia, siku tatu.

Ila mwani haukuwa wa maji matupu. Ulitaka uchachu, tuliona wote kwa macho yetu. Ndimu sikuwa nazo. Ukwaju tulikuwa nao kikapu kizima.

Kulikuwa na jambo jingine lililonisukuma. Mwalimu alikuwa amemwandikia mtaalamu mmoja wa mawe huko Dar es Salaam, kwa sababu kati ya viduara vile kulikuwa na kimoja kilichokuwa tofauti, kimegawanyika katikati kama kikonyo cha boga, na kwenye kitabu chake hakikuwamo. Barua ya majibu ilifika. Alitusomea darasani mara mbili. Mtaalamu alisema haijui namna hiyo, alete jiwe lenyewe akija likizo. Mwalimu alikuwa na uso wa mtu aliyechumbiwa. Nami nikawaza: akienda na jiwe lenye vincha vya kijani je? Atasema nani ameliamsha? Atasema ni Eliza. Si Mwaja na maswali yake, ni Eliza.

Wiki ile zamu ya kufagia ofisi ilikuwa ya Mwaja. Ijumaa mchana alitoka na kikapu cha takataka kwenda kumwaga shimoni. Mimi nilikuwa nimesimama dirishani nikimsubiri twende nyumbani. Niliingia, nikalitwaa jiwe, nikalifunga kwenye ubeleko wa khanga ya mama niliyokuwa nimejitanda, nikatoka. Mwaja alirudi akafunga mlango. Tulitembea pamoja mpaka nyumba yao, akinieleza jambo fulani kuhusu siafu, na jiwe lilikuwa likinigonga mbavuni. Sikuona kwamba nimeiba. Nawaapia sikuona. Nilikuwa nimekwenda kulifanyia kazi.

Nilikanda ukwaju mzito kwenye chungu kidogo, nikalitumbukiza. Lilitoa povu lote, mbele na nyuma, kelele zake ukizisikia kwa kutega sikio. Nilichuchumaa nyuma ya kilindo cha magome cha kuwekea nafaka nikahisi nataka kulia kwa furaha. Nilifunika kwa kipande cha gunia bichi. Jumamosi nilichungulia kidogo, nikijua navunja mwiko, nikaona povu limekwisha. Nikasema limekunywa lote, lina kiu. Nikaongeza ukwaju. Jumapili tena. Mama aliuliza nani kamaliza ukwaju wake, nikasema panya. Akasema panya gani wa kula ukwaju na kuacha karanga, lakini alikuwa na kazi, akaacha.

Jumatatu asubuhi Mwalimu Mhina alisimama mbele yetu paredi ilipokwisha. Hakuwa amekasirika, ndilo lililotutisha. Aliuliza kwa upole nani amelichukua jiwe, labda kwa kuliangalia tu, alirudishe, hatafanywa kitu. Hakuna aliyejibu. Mimi nilijizuia kucheka, kwa sababu ile ilikuwa siku ya tatu. Jioni ningefunua. Kesho ningelileta limevaa kijani na wote wangebaki midomo wazi. Mwalimu mkuu alipoingilia kati akatupigisha magoti kwenye changarawe, mikono juu, nilivumilia kama mtu anayejua siri nzuri.

Jioni nilifunua gunia. Hapakuwa na kijani. Jiwe lilikuwa limevaa ukoko mweupe, mzito kama mabaki ya uji kwenye sufuria, na viduara havikuonekana hata kimoja. Nikafikiri nikiusafisha ukoko vitarudi. Nilifanya alivyonifundisha mama kwa masufuria: nikachukua majivu na mchanga, nikasugua. Nilisugua kwa nguvu zangu zote. Ukoko ulitoka, na ule mng'ao ukatoka nao, na nilipolilamba kama Mwalimu alivyokuwa akifanya, nikaona upande wote umekwaruzwa, umefifia, viduara vimekuwa madoa kama ya kitambaa kilichochuja. Kile cha kikonyo cha boga sikukipata tena.

Ukuta wa nyuma ya kilindo ulikuwa umekandikwa siku ileile. Nililisukuma jiwe ndani ya udongo, nikasawazisha kwa kiganja. Alama ya kiganja changu ilikaa pale miaka mingi.

Jumanne tulipigishwa magoti tena, na jua lilikuwa kali zaidi. Mtoto mmoja mdogo wa mbele alianza kuyumba. Watu wote walijua nani alikuwa na zamu ya ofisi, na wote, magoti yakiwaka, walikuwa wamemgeuzia macho Mwaja. Wengine walimnong'oneza aseme. Mimi nilikuwa pembeni yake. Goti langu la kulia lilikuwa limechanika na damu ilikuwa ikichora mstari kwenye vumbi. Mdomo wangu ulikuwa wazi, nakumbuka ulikuwa wazi kabisa, na hakuna kilichotoka.

Mwaja alisimama. "Ni mimi," alisema. "Nimelitupa chooni."

Mwalimu Mhina alimtazama kwa muda mrefu. Angekuwa amemuuliza kwa nini, mimi ningesema. Nimejiambia hivyo miaka yote, na sina hakika. Hakuuliza. Mwalimu mkuu alimpa Mwalimu Mhina fimbo, naye akampiga Mwaja viganjani, fimbo nne. Kisha alitwambia tuinuke tukaingie darasani.

Saa ya mapumziko Mwaja alinifuata kisimani. "Eliza, mikono inawaka," alisema, akaninyooshea. Viganja vilikuwa vimevimba. Nikamshika mikono nikampulizia. Nilimpulizia muda mrefu, kwa huruma ya kweli kabisa, na jiwe liko ukutani kwetu.

"Kwa nini umesema ni wewe?" nilimuuliza.

"Wote walikuwa wananitazama mimi," alisema. "Na goti lako lilikuwa linatoka damu."

Siku mbili baadaye baba yake aliitwa shuleni. Alisikiliza, akavua kofia, akavaa kofia. Kisha akasema alikuwa amehamishwa kwake akaambiwa ni kwa ajili ya shule, na sasa shule imemfundisha mwanawe wizi, basi inatosha. Mwaja alipelekwa kwa bibi yake upande wa Sepuka kuchunga. Viongozi wa kijiji walimfuata mzee yule mara mbili tatu, kila mara akasema mtoto anaumwa. Wakachoka. Tulisikia baadaye kwamba ameolewa.

Mwalimu Mhina hakulamba jiwe tena, angalau sisi hatukumwona. Mwaka uliofuata alihamishwa, akatupungia mkono akiwa nyuma ya lori la pamba. Mimi nikawa wa kwanza darasani tena. Nilifaulu, nikaenda sekondari, nikaenda chuo, nikawa mwalimu wa biolojia, na kwa miaka thelathini nimewafundisha watoto wa watu habari za mwani wa kijani na koti lake la chokaa. Nilifundisha vizuri. Wanafunzi walisema mwalimu huyu anapofika kwenye mwani anabadilika sauti.

Pale chuoni ndipo nilipopata pigo la pili. Mhadhiri alileta jiwe la chokaa, akaliweka kwenye mashine, akalikata kipande chembamba kama anavyokata mkate. Viduara vikatokea, vilevile. Niliuliza: upande uliosuguliwa ukiharibika inakuwaje? Alishangaa kwa swali jepesi namna ile. "Unakata upya. Jiwe zima limejaa hao." Nilitoka nje nikasimama kwenye kivuli cha jengo mpaka kipindi kikaisha. Kumbe jiwe halikuwa limeharibika. Kile kiduara cha boga huenda kilikuwa na wenzake kumi humo ndani. Ningesema siku ile ya Jumatatu, au Jumanne, au hata wiki ile, Mwalimu angesikitika, angenichapa, angelipeleka Dar es Salaam likakatwe upya. Ukwaju haukumfukuza mtu shule. Ni mimi niliyenyamaza.

Hapo tena ningeweza kumtafuta Mwaja. Sikumtafuta. Nilikuwa na masomo, nikawa na ndoa, nikawa na watoto, na Sepuka ikawa mbali kuliko Ulaya. Mtu akitaka kutofika mahali, sababu hazikosekani.

Sasa jiwe lilikuwa mezani kwangu, na sururu ilikuwa imefanya kazi ya mashine. Kwenye mpasuko mpya viduara vilikuwa vimejipanga, safi, kila kimoja na vitundu vyake. Nililala siku moja tu. Siku ya pili nilipanda basi.

Sepuka nilishuka mchana, nikamuuliza kijana wa bodaboda kama anamfahamu Mwaja, mama wa makamo yangu. Alinipa shikamoo, akafikiri. "Unamtaka Mama Jiwe?"

Nilishika pikipiki yake. Miaka yote hii, nikasema moyoni, jina la mwizi wa jiwe limemng'ang'ania mpaka uzeeni, mpaka kwa vijana ambao hata hawakuwapo. "Kwa nini mnamwita hivyo?" niliuliza, na sikutaka kusikia.

"Ni mawe yake tu, mama. Akitoka shamba lazima aje na jiwe. Utaona mwenyewe."

Niliona. Kuanzia njia ya kuingilia mpaka mlangoni mawe yalikuwa yamepangwa pande zote mbili, meusi, mekundu, yenye kumetameta, moja lenye mstari mweupe katikati. Hayakuwa ya kujengea wala ya urembo. Yalipangwa kwa aina, mwalimu hulitambua jambo hilo hata akiwa na machozi. Mwaja alikuwa ameketi kwenye kigoda akipepeta uwele. Tulisalimiana kwa Kinyaturu, kirefu, kama inavyopasa, mvua na watoto na marehemu. Alinijua nilipotaja jina la mama. Alifurahi. Alitaka kuchinja kuku.

Nikamwambia asubiri. Nikafungua mfuko wa sukari, nikamwekea vipande viwili kwenye ungo, juu ya uwele wake. Nikamweleza yote, ofisi, khanga, chungu, ukwaju, gunia, majivu, ukuta. Nilimwambia kwamba nilimpulizia viganja nikiwa najua. Nilimwambia kwamba nimeishi maisha yaliyokuwa yake. Nililia, mtu mzima na nywele zangu nyeupe, na sikuomba msamaha kwa sababu sikuona neno lenyewe lingesimama wapi.

Mwaja hakunitazama. Alichukua kipande kimoja, akakipangusa kwenye khanga, akakilamba pale kilipopasuka. Akakisogeza juani, akakigeuza taratibu.

"Na lilitoa povu?" aliuliza.

"Lilitoa."

"Lote? Hata upande huu wa shanga?"

"Lote."

"Kwa siku tatu?"

"Kila nikiongeza ukwaju."

Alikilaza kiganjani, kiganja kilekile, akakifunika kwa vidole. Ndipo aliponitazama, na macho yake hayakuwa na hasira, yalikuwa na masikitiko ya mtoto aliyeambiwa ngoma ilipita jana akiwa amelala.

"Siku tatu," alisema. "Na mimi nilikuwa nyumba ya tatu tu kutoka kwenu, Eliza. Ungeniita nikaone."